Baba wa kwenye runinga simjui

Kibanda changu cha kinyozi kiko Bondeni, hapa Nakuru, na juu ya kioo cha pili nimetundika runinga. Niliinunua kwa ajili ya mpira, lakini saa nne asubuhi hakuna mpira. Wateja huweka kile kipindi cha Marekani cha kufungua bahasha za DNA: dada analia, jamaa mweusi kageuza kofia nyuma mbele anaapa mtoto si wake, bahasha inachanwa, ukumbi unalipuka. Ikizimwa hiyo kuna redio, na kwenye redio yupo mume kutoka kwetu magharibi anayembembeleza mkewe arudi, nchi nzima ikimsikiliza na kuigiza lafudhi yake. Kibanda kizima hucheka. Hata mimi hucheka, maana mengine yanachekesha kwelikweli.

Lakini nikiwakusanya wanaume wote weusi wanaopita pale juu kwa wiki nzima, napata aina chache tu. Kuna anayekana mimba. Kuna mlevi anayefukuzwa na mwiko. Kuna mwenye pesa, ambaye kazi yake ni kulipa na kunyamaza. Akiwa Mluhya kama mimi, anapewa rungu na koti refu awe soja wa lango, amalize ugali wa watu sita. Halafu yale matangazo ya mafuta ya kupikia: mama anapika, watoto wanarukaruka, baba anaingia mwishoni na begi la ofisi, ananusa, anatabasamu, anakula. Nimenyoa wanaume wengi tangu nianze kazi hii. Huyo wa begi bado sijamnyoa.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru, sisi tukakaa kijijini Vihiga na mama na guku, yaani nyanya yetu. Tulimwona Agosti akipata likizo, na Desemba akipata nafasi. Katikati alitufikia kwa njia nyingine: hawala ya posta mwisho wa mwezi, na katoni aliyomkabidhi kondakta wa basi, ndani yake sabuni, madaftari na viatu vilivyokuwa vikubwa siku zote kwa sababu alikadiria miguu yetu akiwa mbali. Ripoti zetu za shule mama alimtumia kwa posta. Zilirudi zimeandikwa nyuma kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza fomu za mizigo. Yangu ya darasa la sita ilirudi na mstari mmoja: "Hesabu 38. Nikija tutaongea." Alikuja, tukaongea, na hesabu ikapanda.

Mtu wa takwimu angefika kwetu siku hizo na karatasi yake, akauliza nani alilala hapa jana, angeandika kwamba nyumba ile haina baba.

Wala mzee hakuondoka kwa kupenda. Vihiga ardhi ilikwisha kitambo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, na shamba la babu likigawanywa, kila mtoto wa kiume anapata mahali pa nyumba, migomba na kaburi. Kabla ya hapo kulikuwa na kodi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na wakati huohuo Mwingereza akaanza kutoza kodi ya nyumba, ikalipwa kwa rupia. Rupia haioti shambani. Wanaume wakaifuata kwa wazungu: mashamba ya Bonde la Ufa, bandari ya Mombasa, reli yenyewe. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakavishwa kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, ili anayetoroka kazi ajulikane. Mjini mwanamume alipewa mahali pa kulala mtu mmoja. Mke na watoto walitakiwa wabaki kijijini walime, ndipo mshahara wake uweze kuwa wa kulisha tumbo moja. Miaka imepita, na sasa mchekeshaji anauliza mbona waume wa magharibi hawakai nyumbani.

Nina mteja aliyezaliwa mtaa wa Section 58 hapa mjini ambaye siku hizi anaishi Texas. Akija likizo hunyolewa kwangu. Alikuta kipindi cha bahasha kinaendelea, hakucheka. Alitusimulia kwamba akimpeleka mwanawe kiwanja cha michezo huko, akina mama wasiomjua humpongeza kwa kuwa na mtoto wake. "Utadhani nimemwazima," alisema. Tangu siku hiyo nikawa nasoma mambo ya huko usiku kwenye simu, na nilichokuta kilinirudisha kwenye ile kodi ya nyumba.

Mwaka 1965 ofisa wa wizara ya kazi ya Marekani, Daniel Patrick Moynihan, aliandika ripoti kuhusu familia za watu weusi. Aligusa utumwa, akagusa ukosefu wa kazi, lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni kwamba ubovu uko ndani ya familia yenyewe, kwa kukosa mwanamume. Sasa sikiliza hili. Miaka hiyohiyo, katika majimbo kadhaa, mama maskini aliyepokea msaada wa serikali alinyimwa akigundulika kuwa na mwanamume. Wakaguzi walibisha hodi hata usiku. Ilikuwa mpaka 1968 ndipo Mahakama ya Juu ilipoifuta sheria ya Alabama ya namna hiyo. Yaani mwanamume akionekana, watoto wanakosa chakula. Asipoonekana, anaandikiwa ripoti.

Na ile hesabu inayorudiwa kila mara, kwamba karibu watoto saba kati ya kumi wa Wamarekani weusi huzaliwa na mama asiye na ndoa, ni hesabu ya vyeti. Haisemi nani analala wapi. Sisi huku tunalijua jambo hilo vizuri sana. Waulize watu wa Kaptembwo cheti cha ndoa uone watakavyokutazama. Watu wanaishi njoo-tukae, ng'ombe wa mahari wanapelekwa mmojammoja, wengine wakifika wakati binti wa nyumba hiyo naye yuko karibu kuolewa. Kwa hesabu ya vyeti, watoto wengi wa mtaa huu hawana baba, ingawa baba zao ndio wale niliowanyoa Jumamosi.

Mwaka 2013 kituo cha takwimu za afya cha Marekani kilitoa ripoti kuhusu malezi ya akina baba. Kati ya waliokuwa wakiishi na watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 70 ya weusi walikuwa wakiwaogesha, kuwavisha au kuwabadilisha nepi kila siku. Wazungu walikuwa asilimia 60, Walatino 45. Wasioishi na watoto wao walifanya machache zaidi, wa rangi zote. Hiyo kwenye runinga yangu haijawahi kupita.

Mke wangu anafanya kazi shamba la maua upande wa Njoro. Basi la kampuni humchukua kungali giza, na Februari 14 ikikaribia, hata Jumapili tunaisahau. Mimi hufungua kibanda saa nne. Kwa hiyo anayeogesha, anayevisha na anayekwenda kliniki ni mimi. Nilimpeleka binti yetu chanjo ya surua ya miezi tisa, nimemfunga leso kifuani. Muuguzi akafungua kitabu cha kliniki, akanitazama. "Mama yuko wapi?" Kazini, nikamwambia. "Amekutoroka?" Aliuliza kwa huruma kabisa. Benchi zima likageuka.

Siku hiyo kulikuwa na watu wa shirika fulani wakipiga picha za kampeni ya chanjo. Kijana wa kamera akaniomba, kwa adabu sana, nimpe mama aliyekaa kando yangu yule mtoto ampakate kidogo ili picha itoke vizuri. Nilikataa, naye akahamia benchi jingine. Miezi kadhaa baadaye bango likabandikwa langoni: mama na mtoto, na chini yake maneno ya kuwahimiza akina baba wajitokeze!

Siku hizi wamezuka pia walimu wa uanaume wa mitandaoni. Wateja wangu vijana huwasoma wakisubiri zamu. Hao nao wanasema mwanamume wa kweli hashiki nepi. Wanajiona wapinzani wa runinga, kumbe baba wanayemhubiri ni yuleyule wa begi la ofisi, wamemwongezea misuli tu.

Mzee mmoja anayekuja kunyolewa ndevu aliniambia, "Mwanangu, usiwatetee wote." Siwatetei wote, mzee wangu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ni wa kulelewa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Nina mteja aliyeitwa korti ya watoto kwa sababu ya karo, akaja kutafuta watu wa kumwonea huruma hapa kibandani. Alitoka amenyolewa bila huruma yoyote.

Yupo pia kijana anayeanza uchekeshaji. Huigiza kwenye kumbi za hapa mjini, na baba yake wa jukwaani ni mlevi wa chang'aa, sikosei. Nilimshauri aandike juu ya baba anayemsuka bintiye matuta Jumapili asubuhi. Akasema haichekeshi. Nikamwambia aje nyumbani aone. Alikuja, akanikuta nimembana binti kati ya magoti, chanuo mdomoni, mtoto anapiga kelele kama anauawa na mimi namwahidi soda. Binti alinyamaza ghafla, akamkagua mgeni utosini mpaka kisogoni, akamuuliza ni nani aliyemharibu kichwa namna ile. Yule kijana ni mimi huwa namnyoa.