Ng'ombe naye ni taa?

Njomba, kaka yake mama, alikuwa karani bandarini Mtwara, mmoja wa wale waliokuwa wakisimama na kalamu sikioni kuhesabu magunia ya korosho yanayopanda melini. Kiingereza chake alikiokota huko huko, kwenye magunia na makaratasi. Jumapili akija kwetu Mikindani hakosi kauntabuku lake kwapani. Humo ameandika maneno, lakini hakuyapanga kwa a, be, che. Aliyapanga kwa ukoo.

"Ukoo wa port," ananionyesha kwa kidole. Import, export, transport, porter, portable. "Wote hawa kazi yao kubeba. Huyu anabeba kuleta ndani, huyu anabeba kutoa nje, huyu porter ni hamali." Na alikuwa sahihi. Asili yake ni neno la Kilatini, portare, yaani kubeba, ingawa yeye Kilatini hakuwahi kukisoma hata siku moja. Kwake jambo lilikuwa jepesi: mbona sisi tuna fumba, fumbua, fumbata na fumbo, na hakuna anayeshangaa?

Kwangu mimi ulikuwa wokovu. Miaka saba ya shule ya msingi tumesoma kila kitu kwa Kiswahili, tunaingia kidato cha kwanza, kufumba na kufumbua jiografia ni Kiingereza, baiolojia ni Kiingereza, hata kutangaziwa ada ni Kiingereza. Mtu akikupa njia ya kupata maneno matano kwa bei ya moja, utaikataa?

Tatizo sikuridhika na koo za njomba. Nikaanza kutafuta zangu. Nikagundua sn: sneeze ni chafya, snore ni kukoroma, sniff ni kunusa, snout ni pua ya nguruwe, snot ni kamasi. Kila mahali pua! Kisha nikapata gl, nayo ikanilevya kabisa: glow, gleam, glitter, glisten, glare. Mwanga mtupu. Njomba akaandika koo hizo mbili kwenye kauntabuku, na juu yake akaweka jina langu. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyevumbua moto.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu Dar es Salaam, ndipo nilipojua kuwa mwanaisimu Mwingereza, J. R. Firth, alishayaona mambo hayo na kuyapa jina mwaka 1930: fonesthimu. Ila jina hilo halidai kwamba maneno hayo yametoka tumbo moja, kama yale ya port. Ni sauti tu iliyozoeana na maana fulani, leo ipo, kesho inakuruka. Laiti ningelijua hilo kidato cha pili.

Ilikuwa mwaka 2009, msimu wa tatu tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukabidhi korosho ghalani, kupewa risiti na kulipwa baadaye, ianze kwetu Mtwara. Mama alikwenda kuchukua malipo ya korosho zake. Aliporudi alikaa barazani, akahesabu noti, akarudia kuhesabu, akaweka kando za deni la salfa, dawa ya mikorosho, zilizobaki akazifunga pindoni mwa kanga. Wiki ile ile tukapewa insha ya Kiingereza juu ya siku ya furaha nyumbani. Nikaandika kuhusu siku hiyo. Nilihitaji neno la uso unaong'aa, nikachagua moja nililoliona mahali, refu kidogo, la kitajiri: my mother's face was gloomy with happiness.

Mwalimu aliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa, mara mbili. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasimama, na kwa ujinga wa kujiamini nikaeleza ukoo wa gl tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hilo namsifu: alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaandika ubaoni glue, ambayo ni gundi, na glove, ambayo ni glavu, na chini yake gloom. Giza. Huzuni. Uso uliokunjamana.

"Kiswahili nacho tukifanye hivyo?" akasema. "Ng'aa, ng'ara, ng'arisha, yote mwanga. Haya, ng'ombe naye ni taa?"

Darasa likapasuka. Kuanzia siku ile nikaitwa Taa, hadi namaliza kidato cha nne. Wanafunzi wageni walidhani kwetu ni wavuvi na jina ni la yule samaki mwenye mwiba mkiani, na sikuwahi kuwasahihisha.

Jumapili njomba alipokuja nikamsimulia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafungua kauntabuku, akaandika gloomy chini kabisa ya ukoo wangu na kuizungushia mstari, kama mtu anayemtenga mgeni msibani.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, anabangua korosho za kula nyumbani, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda.

"Kaka, mnacheka nini?"

"Mpwa wangu huyu kaandika insha. Kamwambia mwalimu siku ya pesa za korosho uso wako ulikuwa umeingia kiza. Darasa zima limemcheka."

Mama akapasua korosho nyingine, akaitoa kokwa nzima, akaitupia ungoni.

"Sasa walichocheka nini?" akauliza. "Si ndivyo nilivyokuwa?"