Tone moja, bakteria mmoja

Bakteria wengi wa udongo hukua polepole. Kwenye sahani ya kuoteshea, wenye kasi humaliza chakula mapema. Ukiwatenga katika matone madogo ya maji yenye chakula, yaliyozungukwa na mafuta, kila mmoja ana chungu chake.

Tone la kipenyo cha mikromita 100 hubeba takribani nanolita 0.5. Zimua sampuli hadi seli 200,000 kwa mililita: matone 90 kati ya 100 yatabaki matupu. Usione hasara, ndivyo yenye seli mbili yanavyokuwa machache mno.

Chuja udongo kwanza, maana punje moja huziba mfereji mwembamba wa kifaa kinachotengeneza matone. Mafuta ya florini yawe na safaktanti (kemikali inayozuia matone kuungana) asilimia 2. Ikipungua, matone huungana, na kwenye hadubini utaona majitu katikati ya madogo. Matone huelea juu ya mafuta haya mazito, hivyo ziba kichupa kabisa yasikauke. Subiri wiki kadhaa, wale wa polepole wakue.