Tafakari ya Juma: Shamba la Anathothi

Somo: Yeremia 32:1–27 na 34:8–22

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe kwenu. Juma hili ninawaalika tukae na nabii Yeremia katika mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, karibu mwaka 587 kabla ya Kristo, wakati jeshi la Babeli lilipokuwa limeuzingira mji wa Yerusalemu na nabii mwenyewe akiwa amefungwa katika uwanda wa walinzi, kwa sababu alitangaza waziwazi kwamba mji utaanguka. Humo kizuizini alifikiwa na Hanameli, mwana wa ami yake Shalumu, akamwomba anunue shamba lake lililokuwa Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa, yaani kulinunua kama ndugu wa karibu ili lisitoke katika ukoo, ilikuwa ya Yeremia.

Lilikuwa ombi la ajabu. Anathothi uko umbali wa kama kilomita tano tu kutoka Yerusalemu, lakini ulikuwa nje ya kuta, na mnunuzi hakuweza hata kwenda kuiona mipaka ya shamba. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumrithisha, maana Mungu alikuwa amemkataza kuoa katika nchi ile. Tena watu wa Anathothi, mji wake wa kuzaliwa, ndio waliowahi kula njama ya kumwua kwa sababu ya mahubiri yake. Chakula nacho kilikuwa kinaadimika, na sura ya 37 inatueleza kwamba katika uwanda huo nabii alipewa mkate mmoja kwa siku mpaka mikate yote ya mji ilipokwisha. Mtu yeyote mwenye busara ya kawaida angemshauri aifiche fedha yake.

Lakini neno la Bwana lilikuwa limemtangulia Hanameli kufika, na Yeremia akanunua. Alipima shekeli 17 za fedha katika mizani, uzito unaokaribia gramu 200 kwa vipimo vya leo, akaandika hati, akaitia muhuri mbele ya mashahidi, kisha akamkabidhi mwandishi wake, Baruku mwana wa Neria, hati zote mbili, ile iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Ninathamini sana kwamba Maandiko hayakuruka hata hatua moja ya shughuli hiyo, kwa sababu wako ndugu wanaofikiri kwamba kutoshikamana na mali ni kuidharau na kuiendesha ovyo, na ya kwamba mtu wa rohoni hana haja ya hati wala mashahidi. Yeremia alilipa kwa uangalifu kamili kwa ajili ya kitu ambacho hakutarajia kukila. Fedha ilimtoka mkononi bila kuzuiwa na hofu, na bado iliheshimiwa kama amana.

Baada ya kukabidhi hati, ndipo alipoomba, na katika sala yake hakuuficha mshangao wake: maboma ya adui yamefika mjini, upanga na njaa na tauni vimeushinda mji, na Wewe, Bwana, unaniambia ninunue shamba! Alitii kwanza akauliza baadaye, wala Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Alimjibu kwa swali: je, kuna neno gumu lolote asiloliweza? Kisha akamhakikishia kwamba watu wake watarudishwa, na mashamba yatanunuliwa tena kwa fedha katika nchi ya Benyamini, ambamo Anathothi ulikuwamo.

Hapa nasema kwa moyo wote jambo ambalo nadhani makanisa yetu ya siku hizi yanahitaji kulisikia. Tumezoea kuhubiriwa kwamba anayetoa katika shida atarudishiwa maradufu, yeye mwenyewe na upesi. Maandiko hayasemi popote kwamba Yeremia alipata kulima shamba lile. Habari zake za mwisho zinamwonyesha Misri, alikopelekwa na wakimbizi ambao hawakutaka kumsikiliza. Ahadi ilitimia kwa wengine. Ezra anapoorodhesha waliorudi kutoka uhamishoni, anataja watu 128 wa Anathothi. Hao ndio waliokanyaga tena udongo ule.

Katika mazingira yaleyale ya vita, sura ya 34 inatuonyesha watu wengine waliofungua mikono yao, na habari yao inanisumbua kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Mfalme Sedekia na watu wa Yerusalemu walifanya agano mbele za Mungu, katika nyumba yake, kuwaacha huru watumwa wao wa Kiebrania, waume kwa wake, kama torati ilivyoagiza tangu zamani. Wakawaacha kweli. Kisha jeshi la Farao likatoka Misri, Wababeli wakaondoka Yerusalemu kwa muda, na hofu ilipopungua wakuu wale wakawarudisha watumwa wao utumwani kwa nguvu. Walikuwa wameiachia mali kwa sababu hali ilikuwa mbaya, na hali ilipotengemaa wakaifuata tena.

Nasi tulipita huko. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, nyumba nyingi za waamini zilijaa maombi na ahadi. Wapo waliosamehe kodi ya nyumba, waliofuta madeni, waliowaambia jirani zao kwamba kilichopo ni chetu sote. Lilikuwa tendo jema na Bwana aliliona. Lakini mtu aliyesamehewa deni wakati ule, je, leo tunamdai? Mfanyakazi wa nyumbani tuliyemwita dada na kula naye meza moja katika miezi ile ya hofu, leo mshahara wake unalipwa kwa wakati? Maswali haya nayaleta kwetu sisi ambao sasa tuna nafuu kidogo. Aliye bado katika kuzingirwa, ambaye kazi imekwisha au mvua haikunyesha, asomewe sura ya 32 na asaidiwe, asitwishwe mzigo mwingine.

Basi kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja akumbuke ahadi moja aliyoiweka mbele za Mungu kuhusu mali yake wakati mambo yalipokuwa magumu, aangalie imefikia wapi, na kama imerudishwa nyuma, aende kwa mtu anayehusika akaitimize, hata kama mtu huyo amekwisha kuisahau. Mwenye nafasi asome pia Walawi 25, ambamo Bwana anawaambia Israeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni wanaokaa kwake.