Nilivyowabakiza popo wa mvule wetu, Pongwe

Jirani yangu alikuja asubuhi na ndoo ya maji aliyoyateka kwenye tangi lake, akaitua barazani kwetu. Nikachungulia. Juu ya maji zilielea mbegu ndogondogo na utando wa rangi ya kahawa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Haya ndiyo maji ninayotawadhia, mwanangu."

Sikuwa na jibu. Mvule uko uwanjani kwetu, lakini tawi lake moja nene lilikuwa limelala juu ya bati lake, na popo wamening'inia humo mchana kutwa. Kinyesi kinadondokea batini, mvua ikinyesha kinaingia kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa bati, kutoka kwenye gata hadi tangini. Kwa mtaa wetu maji ya bomba huja na kuondoka, na yeye na wajukuu zake wanategemea maji ya mvua. Wiki hiyohiyo mnunuzi wa mbao alikuwa amepita kuuzungushia mvule kamba ya kupimia, na kaka yangu mkubwa ameshaanza kuipangia matumizi fedha ambayo hajaishika.

Niliwaomba wote wawili wanivumilie hadi vuli. Popo wale nimekua nao. Ni popo wakubwa wa matunda, mabawa yakikunjuliwa yanafika sentimita 75, manyoya ya shingoni yana rangi ya majani makavu. Hawalali mapangoni kama wale wa mapango ya Amboni, Tanga. Hulala juu ya miti mirefu, wamebanana vishada kwa vishada, na mchana hugombana na kulialia kama watoto wanaogombea mkeka. Hawatafuti njia kwa mwangwi wa sauti, hutumia macho na pua. Na ni wasafiri: hufuata matunda yanakoiva. Jamii hiihii ya popo hukusanyika kwa mamilioni katika msitu mdogo wa Kasanka, Zambia, kuanzia Oktoba hadi Desemba, kisha hutawanyika. Mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti huko alisafiri zaidi ya kilomita 1,900 ndani ya miezi mitano.

Safari zao ndizo zilizonipa njia. Nilitundika kalenda jikoni, na kila magharibi nikawa nasimama uwanjani kuhesabu wanaotoka, nikiandika idadi kwenye kisanduku cha siku ile. Mwezi Juni walikuwa mia tatu na ushei. Julai wakaanza kupungua. Kufikia wiki ya pili ya Septemba mvule ulikuwa mtupu, chini yake yamebaki makapi makavu tu, kwani popo huyu hutafuna tunda, akafyonza maji yake, akatema nyuzi.

Hapo ndipo nilipomwita mkata miti. Tulilikata lile tawi moja tu lililoelekea kwa jirani, hakuna popo aliyefukuzwa wala mtoto aliyeangushwa. Hili nalisisitiza, maana jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Ukifyeka mti wakati wananyonyesha, umeua kizazi cha mwaka mzima.

Tawi peke yake halikutosha, kwa sababu popo hunya pia wakiwa wanaruka. Nikamleta fundi bomba. Kabla gata halijaingia tangini tuliweka tii, kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T, na chini ya tii tukashusha bomba la inchi nne, urefu wa mita mbili, mwisho wake kofia ya kufungua kwa mkono. Ndani tukatia mpira mdogo wa plastiki. Mvua ya kwanza, ile inayoosha bati, inajaza bomba hilo. Likijaa, mpira unaelea na kuziba mdomo, maji yanayofuata yanapita kwenda tangini. Mvua ikikatika unafungua kofia, uchafu unamwagika.

Mvua ya kwanza ya vuli ilituumbua. Maji yalikuwa bado na rangi. Bomba lile linachukua lita kama 16, na bati la Bi Mkubwa lina mita za mraba zaidi ya 60. Kwa kawaida hutakiwa kumwaga nusu lita kwa kila mita ya mraba. Tukaongeza bomba la pili kando ya la kwanza, tukafunga na wavu kwenye mdomo wa tangi. Mvua iliyofuata aliniita nije kutazama. Niliona mpaka chini ya ndoo. Maji ya kunywa bado anayachemsha, na hilo nilimwomba asiliache.

Kaka yangu alikuwa mgumu zaidi. Nilimpeleka nyuma ya choo cha zamani, kwenye ufa wa ukuta, kulikoota mche wa mvule wenye majani manne. Hakuna aliyeupanda. Popo hula tunda la mvule, akaruka na mbegu tumboni, akaziangusha mbali. Alikaa amechuchumaa pale kwa muda, akipapasa jani kwa kidole. Mnunuzi alipopiga simu alimwambia mti hauuzwi.

Bi Mkubwa ni Mpemba. Ananisimulia walivyokuwa wakipigwa bunduki popo wakubwa wa kwao, wale wasiopatikana popote duniani ila Pemba, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 wakabaki wachache sana. Baadaye wanavijiji wa Kidike, hukohuko Pemba, wakawalinda, na leo wageni hulipa kiingilio kwenda kuwatazama.

Wajukuu zake nimewakataza mambo mawili: manati, na kumshika popo aliyeanguka kwa mikono mitupu, kwa kuwa anaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Embe lenye alama ya meno hutupwa.

Popo wetu walirudi mwishoni mwa Novemba, pamoja na maembe. Siku hizi Bi Mkubwa huketi nami kibarazani magharibi, bakuli la mahindi mapajani. Kila popo kumi, punje moja kwenye kifuniko. Jana zilikuwa punje 27, na yeye anashikilia kwamba nilimkatisha kwa kikohozi.