Barua ya mwanafunzi wangu kwa dada mzungu

Wiki ya tatu sasa tangu wageni wetu wa kutoka Uingereza waondoke, na bado kuna watoto wa chekechea wanaopita mbele ya mtu mzima kimya, wanasubiri waamkiwe wao. Tumewarudisha kwenye mstari wengi, si wote.

Chanzo ni wale vijana. Walifundishwa neno moja la Kiswahili na wagumu wao mlimani (wapagazi, kwa wasomaji msio wa huku), bila kuambiwa linakwenda kwa nani. Wakashuka kwenye Coaster, vijana kumi na sita, wekundu kwa jua, wakaanza kumpa shikamoo kila waliyemkuta. Mtoto wa miaka mitano anaitika "marahaba" kwa sauti nzito ya mjumbe wa nyumba kumi, halafu anakimbilia nyuma ya choo kwenda kucheka.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, shule ya msingi ya serikali huku Moshi Vijijini, penye migomba na kahawa. Mwaka wa 19 huu nashika chaki. Wageni wa namna hii tumeshawapokea mara kadhaa: wanafunzi wa sekondari kutoka Uingereza, miaka 16 na 17, pamoja na walimu wao wawili. Wanapanda Kilimanjaro kwanza kwa njia ya Marangu, wanakuja kwetu siku tano kujitolea, kisha wanakwenda mbugani. Sisi tuko katikati ya mlima na tembo.

Sitaki niandike kama mtu asiye na shukrani. Mwaka juzi wenzao waliacha fedha za madawati kumi na tano, na karibu nusu yake yako darasani kwangu. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Mimi ninao 78, kwa hiyo dawati najua thamani yake. Na hawa vijana si watoto wa matajiri wote, kama tunavyodhani. Binti mmoja aliyepangwa kwangu aliniambia ameuza keki na kuosha magari mwaka mzima na nusu ili apate nauli. Nikamuuliza ni kiasi gani. Akanitajia kwa paundi, nikapiga hesabu kimoyomoyo mpaka shilingi, nikabadilisha mazungumzo.

Ila kufundisha, hapana. Kufundisha wasiletwe. Umri wao ni wa kidato cha tano, hawajawahi kuandaa somo, na wanapewa watoto 78 ambao mwishoni mwa mwaka wana upimaji wa kitaifa. Siku ya kwanza yule binti alisimama mbele akaongea Kiingereza chake cha kwao, chap chap, maneno yamemezana. Kila alipouliza kitu darasa zima likajibu "Yes, madam!" Mmeelewa? "Yes, madam!" Hamjaelewa? "Yes, madam!" Akanigeukia, macho yanaomba msaada.

Akaangukia kwenye wimbo. Ule wa kugusa viungo vya mwili, mnaujua. Kila kundi la wageni linakuja nao, na wanangu wanaujua kuliko wao. Nilichokiona safari hii kikanifanya nigeukie ukutani nisicheke: watoto walijifanya hawaujui. Walikosea goti makusudi. Walimwacha awafundishe polepole, na "walipoupata" wakapiga makofi, naye akafurahi mpaka shingo ikawa nyekundu. Adabu hiyo sikuwafundisha mimi.

Siku ya pili nikamwambia akae. Nikambana kwenye dawati la nyuma karibu na mlango, na mvulana ambaye tangu Januari sauti yake nilikuwa naisikia kwenye mahudhurio tu, akisema "nipo". Nikamwambia kijana, mfundishe dada Kiswahili, majina ya vitu vya humu ndani. Nikaendelea na hesabu zangu. Baada ya muda nikasikia mtu ananong'ona kwa ukali kule nyuma: "Si viti mzuri. Viti vizuri." Binti akauliza kwa nini. Mvulana akafikiri, akanitazama, akaona sina msaada, akajibu: "Kwa sababu ni viti."

Maelezo ya ngeli yaliyonyooka kuliko hayo sijawahi kuyatoa.

Daftari lake lilijaa. Alikuwa anachora kitu, mvulana anaandika jina chini yake: ubao, chaki, dirisha, kabati, fimbo.

Wenzake nje walikuwa wanapaka rangi. Walichora ramani ya Afrika kwenye ukuta wa darasa la sita, na wenye darasa wakasomea chini ya mparachichi siku mbili. Ramani ilipendeza, sitadanganya. Ila walinakili kutoka kwenye simu, na simu yao ilikuwa imeandika Ziwa Malawi. Mwalimu mkuu alipoliona jina hilo ukutani kwenye shule ya serikali ya Tanzania, chai ilimpalia. Ikatafutwa brashi, likawa Ziwa Nyasa kabla ya kengele ya mapumziko. Kesho yake mtoto wa darasa la tatu akauliza Unguja na Pemba ziko wapi. Zilisahauliwa. Zikaongezwa kwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa stoo, na Pemba imetoka kubwa kuliko Unguja.

Mipira nayo. Walileta kumi, imetolewa upepo ili ienee kwenye begi, hakuna aliyekumbuka pampu. Fundi baiskeli wa pale njia panda alikuwa na pampu lakini sindano hana. Ikabidi dereva wa Coaster aifuate mjini.

Barua ilikuja Alhamisi, saa ya makande. Nimekaa na sahani yangu, binti akaja na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imechanwa kwenye daftari la mistari. Ameikuta ndani ya begi lake. Anaomba nimsomee.

Haikuwa na jina. Haikuhitaji. Madaftari ya mtoto huyu nayasahihisha tangu mwanzo wa mwaka, na hakuna mwingine anayekunja mkia wa "g" kama ndoano ya samaki. Ilisema hivi, makosa nimeyanyoosha:

"Kwako dada mpendwa. Hujambo? Mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kukuomba mpira mmoja uache darasa la nne, usiache la saba maana hawatupi. Pia naomba viatu namba 34. Madam wetu anafundisha vizuri ila fimbo yake inauma. Mwambie apunguze. Wewe atakusikiliza. Ukifika Ulaya msalimie mama."

Aliye mbali na upeo wa macho yake alikuwa amekaa naye dawati moja tangu Jumanne. Hapo nilicheka, kwa sababu mwanzo huo wa barua ya kirafiki nimewafundisha mimi, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa.

Nikaanza kutafsiri. Salamu nikatafsiri, akacheka na yeye. Mpira nikatafsiri. Viatu nikatafsiri. Nikafika kwenye madam, nikasema: "Anasema mwalimu wake anafundisha vizuri." Kisha nikaruka hadi kwa mama.

Akaniangalia. Akaweka kidole kwenye karatasi, juu ya neno moja, akalisoma kwa sauti taratibu, silabi moja moja, kama alivyofundishwa. Fi-mbo. Halafu akafungua daftari lake akanionyesha mchoro.

Kanuni naijua. Viboko visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Kitabu kipo ofisini, kurasa zake nyingi ni nyeupe. Fimbo yangu ni ya mkahawa, nyembamba, na ukiwa na watoto 78 na sauti inayokauka ifikapo saa tano, mkono unaizoea kuliko kichwa kinavyokubali. Nilizipata mimi, mama yangu alizipata. Nilikuwa na maneno hayo yote tayari, kwa Kiingereza, na nilipomtazama yule mtoto wa miaka 17 mwenye makande mdomoni nikaona hayafai.

Nikamsomea ile sentensi. Yote, na ile ya "wewe atakusikiliza".

Hakusema kitu kuhusu fimbo. Aliuliza tu kama aijibu. Nikamwambia aijibu.

Sijui alimjibu nini. Barua ile aliikunja tena vilevile, ikaenda naye. Mtoto sikumuita. Usiku ule nililala na neno moja, na halikuwa "inauma". Lilikuwa "wewe". Kwamba amekaa mbele yangu miezi saba, na alipotaka kuniambia jambo akaona njia fupi ni kupitia Uingereza.

Jumatatu nilikwenda ofisini, nikachukua mpira mmoja kwenye wavu, nikasema ni wa darasa la nne. Mwalimu wa michezo alinuna kidogo. Nikauweka juu ya kabati darasani bila kueleza. Mvulana wa nyuma aliinama kama ameangusha penseli, akakaa huko chini muda mrefu. Viatu bado, mshahara ulikuwa haujaingia.

Fimbo ya mkahawa iko nyuma ya kabati. Tangu waondoke nimeitoa kuonyeshea Ziwa Nyasa. Na Ijumaa moja, wakati kelele zimezidi na chaki imeshavunjika mara mbili, niliitoa kwa jambo jingine. Nikasimama nayo. Darasa likanyamaza, na vichwa 78 vikageuka dirishani kutazama barabarani, kana kwamba wamesikia Coaster inapanda.