Fizi zinatoka damu, sukari haishuki: nilivyoshughulikia vyote kwa pamoja

Mtu wa kisukari aina ya pili akiona HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu) imekwama, hulaumu ugali kwanza, kisha dozi ya metformini. Kinywa hukumbukwa mwisho. Mimi nilianzia kwenye fizi, kwa sababu ugonjwa wake hauishii mdomoni. Bakteria waliojificha chini ya fizi huufanya mwili umwage kwenye damu kemikali za uvimbe, zikiwemo TNF-alfa na IL-6, na hizo hupunguza nguvu ya insulini. Sukari ikipanda, kinga hulegea na fizi huchelewa kupona. Ndiyo maana kutibu upande mmoja tu huwa ni kujichosha.

Kwa daktari wa meno sikuomba kusafishwa tu, niliomba vifuko, yaani nafasi kati ya jino na fizi, vipimwe kina chake. Hutumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akikishusha taratibu kati ya jino na fizi, sehemu sita kwa kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 4 mswaki haufiki chini, hivyo ugaga (utando uliokauka na kuwa mgumu kwenye jino) inabidi ukwanguliwe hadi kwenye mzizi, mara nyingi kwa ganzi. Omba nakala ya vipimo hivyo. Bila namba za mwanzo hutajua kama tiba imefanya kazi.

Miadi naweka asubuhi, nikiwa nimekula na kumeza dawa kama kawaida. Ganzi huchelewesha mlo unaofuata, na anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) anaweza kushukiwa na sukari akiwa kitini. Pima kabla: ikiwa chini ya 4 mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15.

Nyumbani kazi kubwa iko katikati ya meno. Natumia mswaki laini, nywele zikielekea kwenye ukingo wa fizi kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha vibrashi vidogo vya kupenya kati ya meno, vya saizi mbili au tatu kwa kuwa mianya hailingani. Kibrashi kinatakiwa kipite kwa kubana kidogo. Kikipita bila kugusa kando ni kidogo mno, na kikigoma usikilazimishe. Siku za mwanzo damu itatoka, na hapo ndipo wengi huacha. Endelea: kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Sehemu moja ikizidi kutoa damu, huenda kuna ugaga uliobaki, mwonyeshe daktari.

Klorheksidini ya 0.2%, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, nilisukutua mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na usiku, kwa wiki mbili tu, maana ikizidi huacha madoa ya kahawia, hasa kwa wanywaji wa chai. Subiri nusu saa baada ya dawa ya meno, kwani povu lake huiua nguvu. Maji ya chumvi hutuliza lakini hayang'oi ugaga. Amoksilini ya kununua dukani nayo hukausha usaha kwa muda tu, chanzo kikibaki palepale.

Baada ya kukwanguliwa, meno huonekana marefu na maji baridi huchoma. Ni uvimbe umeshuka.

HbA1c napima kabla, na tena baada ya miezi mitatu pamoja na vifuko, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120. Tegemea ishuke kwa pointi 0.3 hadi 0.5, mfano kutoka 8.6 hadi 8.2. Ni nyongeza juu ya dawa, usizipunguze kwa hilo. Mwenye selimundu au upungufu wa damu asiitegemee HbA1c peke yake, afuate vipimo vya kidoleni.

Na kama unameza amlodipini ya presha na fizi zinanenepa hadi kufunika meno, mwambie daktari aliyekuandikia. Kuna dawa mbadala, ila usiiache mwenyewe.