Ghorofa Juu, Bomba Lilelile
Kwetu Kileleshwa, Nairobi, ambako maji ya bomba huja kwa mgao, bango limesimikwa mahali palipokuwa na nyumba moja na mparachichi, likitangaza jengo jipya la ghorofa nyingi. Majirani tunaopinga tunaambiwa kuwa tunachukia maendeleo, ilhali mimi mwenyewe ni mpangaji wa ghorofa ya 4. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inaturuhusu kuwasilisha pingamizi, nasi tumeuliza jambo moja: maji taka ya familia zote hizo yatapitia wapi, wakati mvua ikinyesha mfuniko wa shimo la kona tayari huinuka na uchafu kutiririka hadi langoni pa shule ya chekechea?